Mtu Asiyekujua Atakulipaje? Kisa cha mkataba wa kwanza wa frilansa wa Ng'hong'honha

Mhusika wa kisa hiki ni mhitimu wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, masomo ya Kiswahili na historia. Amepanga chumba Ng'hong'honha, jirani na chuo alichomaliza. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina lake nimeliacha. Alipohitimu alijisajili Ajira Portal kama wenzake, akaomba nafasi za ualimu, akabaki anasubiri. Jioni alifundisha tuisheni watoto wa mtaani, mchana alichapa kazi za wanafunzi kwenye steshenari ya rafiki yake. Hapo ndipo alipoanza kuhangaika na kazi za mtandaoni za frilansa, yaani mtu anayejitegemea na kulipwa kwa kila kazi. Miezi ikapita bila kitu. Kisha ukaja mkataba mmoja wa dola 150, na mkataba huo nusura afanye kazi yake bure.

Vijana wanaonifuata hapa mjini huanza na swali lilelile: "Kaka, nianzie jukwaa gani?" Katika kisa hiki swali zito lilitoka kwa baba yake mdogo, mkulima wa zabibu wa Hombolo, aliposikia kwamba binti anamfanyia kazi Mzungu ambaye hajawahi kumtia machoni. "Mwanangu, mtu asiyekujua atakulipaje?" Mzee hakuwa anamvunja moyo. Aliwahi kumpa dalali zabibu kwa mali kauli, na dalali hakurudi. Kwa hiyo alijua anachokiuliza. Na swali lake lina upande wa pili ambao mwanzaji husahau: huyo mteja naye, asiyekujua, kwa nini akukabidhi hela na kazi yake? Karibu kila kilichoharibika katika kisa hiki, na kila kilichonyooka, kinaingia ndani ya swali hilo.

Miezi mikavu

Profaili yake ya kwanza kwenye Upwork, jukwaa la mtandaoni linalowakutanisha wateja na wafanyakazi wa mbali, ilimtambulisha kama mwandishi, mtafsiri, msaidizi wa ofisi wa mbali, mwingizaji data na mtengeneza mabango. Aliikusanya kutoka kwenye video za YouTube, ambazo nyingi humwambia mwanzaji aweke kila anachoweza ili asikose. Mimi naona ushauri huo umewaumiza vijana wengi. Kwenye kuingiza data alikuwa akishindana na watu wa Ufilipino, India na Pakistani wenye miaka ya kazi na mamia ya tathmini za wateja. Kwenye mabango hali ilikuwa hiyohiyo. Mteja aliyefungua ukurasa wake aliona mtu asiye na tathmini hata moja anayedai kujua mambo matano. Hapakuwa na sababu ya kumwamini kwa lolote kati ya hayo.

Barua zake za maombi zilikuwa na kasoro ya aina hiyo. Zilianza kwa salamu ndefu, furaha ya kuliona tangazo, na maelezo kwamba yeye ni mchapakazi na mwaminifu. Kwa adabu yetu hakuna ubaya. Lakini kwenye Upwork, mteja anapopitia orodha ya waombaji huona kwanza mistari ya mwanzo tu ya barua, na ndiyo inayoamua kama ataifungua. Mistari yake ya mwanzo haikusema chochote kuhusu kazi ya mteja.

Na kila barua ilikuwa na bei. Upwork hutumia vocha inazoziita Connects, na moja huuzwa senti 15 za dola. Kazi inayotaka Connects 12 inamgharimu mwombaji dola 1.80, ambazo kwa hesabu ya haraka ya shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi 4,500. Ukituma maombi kumi ya namna hiyo, shilingi 45,000 zimekwenda. Binti alikuwa akizilipia kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, kutoka kwenye hela ya tuisheni. Nilipomwomba anionyeshe maombi aliyotuma, mengi yalikwenda kwa matangazo yaliyokwisha kupata waombaji zaidi ya 50, au kwa wateja ambao njia yao ya malipo haijathibitishwa. Vyote viwili huonekana kwenye tangazo kabla hujabonyeza kutuma. Hakuna aliyemwambia avitazame.

Fiverr nako alikuwa amefungua akaunti. Kule mpango ni mwingine: unapanga huduma yako na bei, mteja ndiye anayekufuata, na jukwaa huchukua asilimia 20 ya kila malipo. Sikumshauri afunge, ila nilimwambia asiegemee huko. Wanaohitaji kazi za Kiswahili cha kwetu ni wachache, na wengi wao hutoa tangazo la kazi yao mahususi.

Kulikuwa pia na balaa la VPN, programu inayoficha mahali ulipo unapoingia mtandaoni. Tangu mtandao wa X ulipozuiwa nchini Mei 2025, vijana wengi huiacha ikiwa imewashwa kwenye simu saa zote, ingawa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilikwisha kutoa tangazo Oktoba 2023 la kutaka wanaoitumia watoe taarifa. Binti aliingia kwenye akaunti yake ya kazi huku simu inaonyesha yuko Uholanzi, na profaili inasema Dodoma. Jukwaa likamtaka athibitishe upya yeye ni nani. Kwa mashine ya upande wa pili, hivyo ndivyo anavyoonekana mtu anayekodisha akaunti. Akaunti ya kazi ifunguliwe kwenye kifaa kisicho na VPN, basi.

Na palitokea yule wa Telegram aliyemwahidi kazi ya kuchapa vitabu kwa sharti la kutanguliza shilingi 40,000 za "mafunzo". Hakulipa. Anayekutaka utoe hela ili akupe kazi hana kazi ya kukupa, na sioni haja ya kulijadili zaidi.

Uzoefu uliokuwa kaunta

Kilichogeuza mambo kilikuwa steshenari siku zote. Wanafunzi wa uzamili wa UDOM hurudi kutoka vijijini na saa nyingi za mahojiano kwenye simu zao, na wengi hawana muda wa kuyaandika. Walikuwa wakimletea yeye. Alikuwa ameandika mahojiano ya wafugaji, ya wakunga, ya viongozi wa vitongoji, akilipwa taslimu pale kaunta. Nilipomuuliza kwa nini kazi hiyo haimo kwenye profaili, alinijibu kwa mshangao: "Ile nayo ni kazi, kaka? Si ya pale dukani tu."

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Mhitimu huyu alikuwa na ustadi adimu, ameufanyia mazoezi kwa muda mrefu, na watu walikuwa tayari wanaulipia. Hakuuona kwa sababu haukuja na cheti wala mkataba. Nimeliona hili kwa fundi wa simu pale Sabasaba anayejiandika mtandaoni kuwa "mwingizaji data", na kwa dada anayetunza hesabu za vikoba vitatu lakini profaili yake inasema anaandika makala za afya. Tumezoea kuhesabu kuwa ni uzoefu kile kilichopigwa muhuri. Mteja wa mbali muhuri wa kwetu hausomi vizuri, anachotafuta ni dalili kwamba kazi kama yake umekwisha kuifanya.

Tukaifuta profaili yote. Kichwa kikawa kimoja: kuandika rekodi za Kiswahili cha Tanzania, hasa za vijijini mikoa ya kati. Mfano wa kazi ulileta mjadala, kwa kuwa mahojiano ya wanafunzi hayakuwa mali yake na ndani yake mna majina ya watu. Akaenda Chamwino kwa bibi yake, akamwomba ruhusa, akarekodi dakika tatu za maelezo ya kupika mlenda, kisha akaziandika zote kwa kuweka alama ya muda kila msemaji anapobadilika. Huo ndio ukawa mfano. Haukumgharimu zaidi ya nauli.

Baada ya hapo alituma maombi machache sana, na karibu yote jioni, maana saa kumi alasiri ya Dodoma ndipo ofisi za mashariki ya Marekani zinapofunguliwa wakati wa kiangazi chao, na ombi linaloingia mapema husomwa na mteja ambaye hajachoka. Tangazo lililomfaa, hata hivyo, lilitoka Uingereza. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu alikuwa na saa tano za mahojiano na wazee wa Chamwino na Bahi kuhusu njaa za zamani na namna familia zilivyohifadhi chakula. Binti alimwandikia kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

"Wazee wa Chamwino na Bahi huingiza Kigogo katikati ya Kiswahili, na mimi nimekulia huko, nazisikia lugha zote mbili. Nimeambatisha mfano wa dakika tatu wa mazungumzo na bibi yangu. Je, unataka kila sauti iandikwe, pamoja na vikohozi na maneno yaliyokatika, au unataka sentensi zilizosafishwa?"

Hakuna salamu ndefu, hakuna mchapakazi. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii hajui hata kuliuliza swali hilo. Mteja alijibu usiku uleule.

Bei

Bajeti ya mteja ilikuwa dola 150 kwa saa tano za sauti, yaani senti 50 kwa dakika. Binti alikubali papo hapo. Kwa mkataba wa kwanza sioni kosa katika kiwango chenyewe, maana alihitaji tathmini ya kwanza kuliko alivyohitaji dola 50 za ziada. Kilichonisumbua ni kwamba alikubali kabla hajasikia hata sekunde moja ya rekodi.

Kanuni inayotumika sana katika kazi hii ni kwamba saa moja ya sauti safi humchukua mwandishi mzoefu kama saa nne. Yeye alipiga hesabu ya saa 20. Rekodi zilipokuja, zilikuwa zimechukuliwa nje ya nyumba, upepo wa Dodoma unapiga kwenye simu, kuku wanalia, na wazee watatu wanasahihishana kwa wakati mmoja. Saa moja ya sauti ikamla saa saba. Jumla saa 35. Sasa tukokotoe: Upwork ilitoza asilimia 10 moja kwa moja kuanzia 2023, na tangu Mei 2025 makato hutofautiana kati ya 0 na 15 kwa kila mkataba, na mwombaji huyaona kabla hajatuma ombi. Kwake yalikuwa 10. Dola 150 zikawa 135. Gawanya kwa saa 35, unapata dola 3.86 kwa saa, karibu shilingi 9,600, na bado hatujatoa Connects, vifurushi, na zile siku umeme ulipokatika akalazimika kuhamia kwa rafiki mwenye jenereta.

Kwa Ng'hong'honha hela hiyo si ya kubeza, na yeye mwenyewe alisema inazidi malipo ya kuchapa kwa ukurasa. Lakini angeomba tu asikilizishwe dakika tano za rekodi mbaya kuliko zote. Ni ombi la kawaida, mteja wa kweli hulielewa, na baada ya dakika hizo tano angekuwa na haki ya kusema: rekodi hizi ni ngumu, naomba senti 70. Bei ya kazi ya sauti hukaa ndani ya sauti yenyewe, na kichwa cha tangazo hakiwezi kukuambia.

Usiku wa WhatsApp

Baada ya kukubaliana, mteja aliandika: niunge WhatsApp, nakutumia mafaili sasa hivi, mkataba nitaushughulikia wiki ijayo. Binti alifurahi, akapakua faili la kwanza, akaanza kuandika. Kesho yake akanitumia ujumbe: "Kaka, kazi nimeanza!"

"Hongera dada. Mkataba umefunguliwa?"

Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja mpaka jioni.

Swali la baba mdogo lina jibu, na jibu lenyewe ndilo sababu ya majukwaa haya kukata hela yetu. Katika mkataba wa bei maalumu kwenye Upwork, mteja huweka hela kwanza, na jukwaa huzishikilia. Mfanyakazi akiwasilisha kazi, mteja ana siku 14 za kuikagua, akinyamaza mpaka ziishe hela hutoka zenyewe. Zikitoka hukaa siku tano za usalama kabla hujaweza kuzitoa. Kwenye mkataba wa kulipwa kwa saa, programu hupiga picha ya kioo chako mara moja ndani ya kila dakika kumi, na saa zilizorekodiwa hivyo ndizo zenye ulinzi. Mambo haya yote hayakuhusu kama mkataba haujafunguliwa. Binti alikuwa anafanya mali kauli, tena na mtu wa bara lingine. Isitoshe, kulipana nje ya jukwaa na mteja uliyekutana naye humo ni kuvunja masharti kwa miaka miwili ya kwanza, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti.

Mteja mwenyewe hakuwa tapeli. Alikuwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiri mtu mtandaoni na alidhani anarahisisha mambo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatari hii haihusu matapeli peke yao. Mtu mwema naye hubadilisha mpango, hukosa ufadhili, huugua, na wewe huna pa kushika.

Alimwandikia kwa upole: "Nimepokea faili la kwanza, ahsante. Kwa usalama wako na wangu naomba ufungue mkataba, tuugawe mara mbili: saa ya kwanza dola 30, uione kazi yangu, kisha zilizobaki dola 120." Mkataba ulifunguliwa siku iliyofuata. Mgawanyo huo ulikuwa wazo lake mwenyewe, na nimewafundisha wengine tangu hapo, kwa kuwa unampa mteja mlango wa kutokea mapema, na unampa mwanzaji malipo ya kwanza kabla hajazama mwezi mzima.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri sana. Hakuzipeleka rekodi kwenye kompyuta ya steshenari, wala hakuzipakia kwenye tovuti za bure za kugeuza sauti kuwa maandishi, maana wazee walitajana kwa majina, na tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Mteja alikuwa amejaribu mashine kabla ya kuajiri mtu. Mzee mmoja alisimulia aliyoyasikia kwa wazazi wake kuhusu Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, na kwenye maandishi ya mashine jina hilo halikuwapo kabisa, palikuwa na maneno yasiyo na maana. Binti aliliandika, akaweka alama ya muda na maelezo mafupi pembeni. Mteja alimwambia baadaye kwamba sura nzima ya tasnifu yake ilikuwa inategemea kifungu hicho.

Jina

Hela zilitoka kwenye jukwaa, zikafika Payoneer, huduma ya kupokelea malipo kutoka nje, zikaelekea benki, zikakwama. Akaunti yake ya benki ilifunguliwa zamani kwa ajili ya bumu, hela ya mkopo wa chuo, kwa majina mawili kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. NIDA ina majina matatu, na moja lina herufi "h" ambayo cheti hakina. Kwenye jukwaa na Payoneer alitumia ya NIDA, na hapo alifanya sawasawa. Benki ikaona hela za mtu mmoja zinaingia kwa mtu mwingine. Baba mdogo alijitolea akaunti yake, lakini haikuwezekana, kwa sababu jina la akaunti ya benki lazima lilingane na la mwenye kazi. PayPal nayo isingemsaidia, akaunti za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia, si za kupokea.

Ikabidi kiapo cha majina kwa wakili, barua, foleni tawini, na wiki kadhaa za kusubiri hela ambayo ilikwisha kuwa yake. Ningekuwa na uwezo, kila kijana anayetaka kazi hizi angeanza na karatasi moja: jina la NIDA lilivyoandikwa herufi kwa herufi, na chini yake jina la benki, la Payoneer na la jukwaa. Yasipofanana, hilo ndilo la kushughulikia wiki ya kwanza, kabla ya picha ya profaili na kabla ya Connects za kwanza.

Hela ilitoka. Mteja amempa tathmini nzuri na amerudi na mahojiano mengine ya Bahi. Safari hii binti alisikiliza sampuli kwanza, akataja dola moja kwa dakika, na wakakubaliana. Maombi ya ualimu anaendelea kuyapeleka Ajira Portal, na naona yuko sahihi, maana mteja mmoja hajawa kipato. Tunachobishana kwa sasa ni kama apokee fungu la tatu la mteja huyu au atumie mwezi ujao kutafuta wa pili. Tasnifu ina mwisho wake, na mteja huyu atakapoikabidhi hatakuwa na rekodi za kumletea tena. Mimi nasema atafute wa pili sasa, wakati tathmini ni mpya na ana hela ya Connects. Yeye anasema kwanza amalize za Bahi.